Mstari wa 200

Rexdale, Toronto
13 Januari 2025

Mzee Ramzanali Jiwa,

Salamu sina. Nimezoea kuanza barua kwa "Tumsifu Yesu Kristo", lakini leo nikianza na Yesu nitamalizia pabaya, kwa hiyo tumwache.

Naitwa Domina Ntirampeba. Tangu Agosti nimeajiriwa na Ushirika wa Nyumba wa Halden, ule wenye majengo matatu marefu karibu na Kipling, niihamishe programu yao ya zamani kwenda kwenye lugha mpya ya kompyuta, mstari kwa mstari. Ndiyo programu inayoamua mpangaji gani ahamie nyumba ipi. Mashine zimebadilishwa mara nne, maandishi yamebaki. Juu kabisa pameandikwa R. K. JIWA, 1974. Nikauliza kwa watu wa jamii yenu, na mpwa wako Zahira akaniambia uko hai, uko Don Mills, masikio yamekwisha, simu huwezi, kompyuta hutaki hata kuiona, na anayekutaka akuandikie karatasi. Akaniambia: "Mwandikie Kiswahili. Kiingereza cha mjomba ni cha ofisini, hasira zake zote ni za Tanga." Vizuri. Zangu mimi ni za Kasulu, nilikokulia kambini.

Sasa nisome vizuri. Mama yangu anaitwa Godelive. Ana miaka sabini na minne, na miaka kumi na mitano kati ya hiyo ameimaliza akifua mashuka ya wagonjwa wa mji huu. Anaishi Halden, ghorofa ya kumi na nne, na lifti ya jengo lake hufanya kazi ikijisikia. Ameomba nyumba ya chini. Ushirika unatoa alama: umri ishirini, magoti ishirini na tano, ghorofa kumi na tano. Jumla sitini. Kiwango kimebandikwa kwenye mlango wa ofisi kwa herufi kubwa: sitini. Barua ikaja: "Ombi lako halijafikia kiwango." Ameomba mara tatu kwa miaka mitatu, na barua ni ile ile, hata koma haijasogea.

Wiki iliyopita nimefika kwenye sehemu hiyo ya programu. Inasema: alama zikiwa chini ya sitini, au zikiwa sitini, kataa. Kwa hiyo mlangoni sitini inatosha na ndani haitoshi. Na alama hutolewa kwa tano tano, mzee, kwa hiyo kuangukia sitini kamili si jambo la ajabu. Nimetafuta kwenye kumbukumbu zote zilizobaki. Waliokataliwa wakiwa na sitini kamili ni mia mbili na kumi na wawili.

Nataka kujua jambo moja tu. Mtu mzima, mwenye mama, anakaaje kitini akaandika hivyo kisha akaenda kula chakula cha mchana?

Domina Ntirampeba


Don Mills
21 Januari 2025

Bi Domina,

Wahenga walisema akutukanaye hakuchagulii tusi. Wewe umechagua, tena kwa makini, na nakupongeza. Sasa kaa chini ufundishwe, maana unatukana usichokijua.

Zilikuwepo mashine za mwanzo kabisa ambazo hazikujua kuchagua. Zilivuta utepe wa karatasi wenye matundu na kufuata amri moja baada ya nyingine mpaka utepe uishe, hata kama jibu limeshaharibika katikati. Kuchagua, yaani kuuliza "ikiwa hivi, nifanye nini?", ni kitu ambacho watu walikitafuta kwa jasho. Mwaka 1957 ilipotoka Fortran, lugha niliyojifunza mimi, IF yake haikuuliza ndiyo au hapana kama hiyo yenu ya leo. Ilikuwa na njia tatu. Unaipa hesabu, na jibu likiwa chini ya sifuri inakwenda mstari huu, likiwa sifuri kamili inakwenda ule, likizidi sifuri inakwenda wa tatu. Mashine waliyokuwa nayo wakati ule ndivyo ilivyolinganisha namba mbili: ndogo, sawa, kubwa. Lugha ikafuata chuma. Kulikuwa hata na IF iliyouliza swichi. Swichi ya kweli, iko mbele ya mashine, mtu anaipandisha au kuishusha kwa kidole, na programu inapofika hapo inatazama kidole cha binadamu kimesemaje. Wewe umewahi kuona hiyo? Hujaona.

Mimi niliandika hivi, na nakumbuka kama nakumbuka jina langu. Toa sitini kwenye alama za mwombaji. Jibu likiwa chini ya sifuri, nenda mstari wa 100: kataa. Likizidi, nenda mstari wa 300: kubali. Likiwa sifuri kamili, nenda mstari wa 200. Na mstari wa 200 ulikuwa na neno moja, PAUSE, yaani mashine ichapishe jina, isimame kabisa, na isiendelee mpaka mtu aje abonyeze kitufe.

Nilifanya makusudi. Aliye ukingoni kabisa hahukumiwi na hesabu. Faili lake linasomwa na mtu. Na mtu huyo alikuwa Dolat, mke wangu, aliyekuwa mwendesha mashine kwenye kampuni iliyotukodisha mashine yake. Jumamosi asubuhi alikaa mbele yake na chupa ya chai. Mashine ikisimama anafungua faili, anasoma mpaka ukurasa wa mwisho, na kama haelewi anampigia mwombaji simu: "Kwenu nani hupandisha vitu vya dukani?" Kisha anaandika kwa kalamu ya kijani, apewe au asipewe, na anabonyeza. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyekataliwa kwa sitini bila kusomwa na Dolat.

Kwa hiyo futa maneno yako. Hiyo "au zikiwa sitini" si mkono wangu.

Ramzanali K. Jiwa


Rexdale
29 Januari 2025

Mzee Jiwa,

Asante kwa darasa. Niliposoma habari ya Bi Dolat nilitoka nje nikasimama kwenye baridi bila koti, ndiyo maana nakuandikia nikiwa na mafua.

Nimerudi kwenye programu. Mstari wa 100 upo, wa 300 upo. Wa 200 haupo. Mtu ameung'oa na kufukia shimo, na njia tatu zimekuwa mbili. Basi ninafuta maneno yangu, au nusu yake, na nusu nyingine namwekea huyo aliyeung'oa, nikimpata.

Nimempelekea barua yako mkurugenzi wetu, Shamil. Nilimwambia tangu mwanzo kwamba mwombaji mmoja ni mama yangu, sikuficha. Akasoma, akaivua miwani, akasema: "Domina, hii ni stori ya mzee. Kilichoandikwa kwenye system ndiyo policy. Kama ilikuwa tofauti, niletee tamko lililosainiwa na aliyeandika, aseme ilikuwaje, nani aliibadilisha na kwa nini. Committee inakaa tarehe kumi na mbili Machi. Bila hiyo, I can't do anything." Unamwona? Sitini zilizobandikwa kwenye mlango wake mwenyewe hazimtoshi. Anataka sahihi.

Naomba hilo tamko. Ukurasa mmoja. Na kama unamjua aliyebadilisha, mtaje.

Mama anakusalimu. Nilimsomea barua yako. Akasema huyo mwanamke wa kalamu ya kijani angefaa kuwa padri.

Domina


Don Mills
6 Februari 2025

Binti Domina,

Unataka jina la aliyebadilisha. Ninalo wapi? Walikuja vijana baada yangu, wamevaa tai, wamesoma vitabu vipya. Ilikuwa fasheni. Mwaka 1960 kamati ya wataalamu wa Ulaya na Amerika ilitoa lugha nyingine, Algol, yenye "ikiwa, basi, la sivyo": njia mbili, nzuri, inasomeka kama mtu anaongea. Sikatai, ni nzuri. Kuna bwana mmoja kabla ya hapo, alikuwa anaifundisha kompyuta kucheza sataranji, alijitengenezea IF yake ndani ya Fortran kwa sababu ile ya njia tatu ilimchosha. Ikamsumbua: ilikuwa inakokotoa majibu yote mawili kwanza, ndipo ichague moja. Hebu fikiria, mtu apike wali na ugali, kisha akuulize utakula nini. Ndiyo akadai IF ya kweli, inayofanya upande mmoja tu. Fortran nayo ikaongezewa IF ya ndiyo na hapana. Halafu ikaja vita dhidi ya kuruka-ruka mistari, na njia tatu zikawa aibu, kitu cha wazee. Mwaka 2018 wakaiondoa kabisa kwenye kanuni za lugha. Nilisoma habari hiyo kitandani, Dolat amelala pembeni, na sikumwambia.

Kwa hiyo walaumu wakati. Ndiyo au hapana ni rahisi. Wa katikati ndiye anayesumbua, kwa hiyo wakamfuta.

Kuhusu tamko, hapana. Nina miaka themanini na miwili. Sitapeleka jina langu mbele ya kamati ya watu waliozaliwa juzi ili walijadili kama mnada. Na sielewi unachonihangaikia. Programu iko mikononi mwako. Badilisha alama moja, ile sitini iingie upande wa kukubali. Hakuna atakayejua, mama yako atapata nyumba, na wewe utapumzisha kalamu.

Ramzanali


Rexdale
15 Februari 2025

Mzee,

Barua yako ilifika Jumatatu. Jumapili, siku moja kabla, lifti ilikufa tena, na mama hakosi misa. Alianza kushuka ngazi, mkono mmoja ukutani, mwingine na rozari. Kati ya ghorofa ya tisa na ya nane alianguka. Nyonga imevunjika. Alikaa pale dakika arobaini mpaka kijana wa ghorofa ya saba aliposikia mtu anasali kwa sauti kubwa. Hakuwa analia, mzee. Alikuwa anasali ili asikike, maana alisema kupiga kelele ni utovu wa adabu.

Wamemfanyia upasuaji. Mama wa ustawi wa jamii pale hospitali ameniambia waziwazi: kwenye ghorofa ya kumi na nne harudi. Isipopatikana nyumba ya chini kufikia mwisho wa Machi, anapelekwa kwenye kituo cha wazee chenye nafasi, na chenye nafasi kiko mji wa mbali, saa mbili kwa gari. Sina gari. Huko hakuna anayejua Kirundi wala Kiswahili, na Kiingereza cha mama ni "thank you" na "no problem". Hizo ndizo zitakuwa sala zake mpaka afe.

Sasa nirudi kwako. "Badilisha alama moja, hakuna atakayejua." Nilisoma mstari huo nikiwa kwenye kiti cha plastiki cha hospitali, na nikajiambia, hii lugha siyo ya anayeshauri. Ni ya mtu anayekumbuka.

Ushirika una chumba cha masanduku chini kabisa, karibu na mashine za kufulia. Nimekaa humo jioni tatu. Kwenye sanduku la mwaka 1986 kuna daftari la mabadiliko ya programu, kwa mkono. Tarehe 3 Oktoba: "Mstari wa 200 umeondolewa. Sifuri iunganishwe na hasi." Na sahihi ndogo, R. K. J., yenye mkia kwenye J. Nimeilinganisha na barua zako mbili. Mkia ni ule ule.

Vijana wenye tai, eh? Njia ya mwongo fupi.

Mama yangu siwezi kumwingiza kwa mlango wa uani. Kama nikigeuza alama kwa siri kwa ajili yake, nitakuwa nimefanya ulichofanya wewe, ila kwa upande ninaoupenda. Na wale mia mbili na kumi na mmoja? Nataka useme kwa karatasi ulichokifanya.

Domina


Rexdale
25 Februari 2025

Mzee Jiwa,

Siku kumi, kimya. Zahira anasema huumwi, ila umejifungia na hata kusali jamatkhana Ijumaa hukuonekana.

Umebaki na siku kumi na tano. Mama ameanza kujifunza kusema "bathroom" na "water", maana nimeshindwa kumdanganya. Anayarudia mbele ya dirisha kama mtoto wa chekechea. Nikimwangalia nataka kuvunja kitu, na kitu kilicho karibu zaidi ni wewe.

D.


Don Mills
1 Machi 2025

Domina,

Mficha uchi hazai. Nimeuficha miaka thelathini na minane na sikuzaa kitu.

Mwaka 1985 ushirika ulinunua mashine yake, ikawekwa kwenye kabati ofisini. Kampuni ya kukodi ikaachwa, na Dolat akaachwa nayo. Hawakumwambia hata asante. Mashine mpya ilikuwa inaendeshwa Ijumaa watu wakiondoka, ili Jumatatu wakute orodha. Lakini programu yangu ilikuwa bado na mstari wa 200. Ijumaa ya kwanza ilifika kwa mwombaji wa sitini, ikasimama, ikangoja mtu. Hakukuwa na mtu. Ikangoja Jumamosi yote na Jumapili yote. Jumatatu hakuna orodha. Wakaibonyeza wenyewe, ikaendelea, ikasimama tena kwa mwingine. Hivyo hivyo mwaka mzima, na kila Jumatatu mwenyekiti ananipigia simu, wakati huo nilikuwa nasikia, na alikuwa na sauti. Mwisho akasema: "Jiwa, ondoa hicho kisimamo chako, au tumpe mwingine hiyo nafasi ya ukuu wa idara."

Ningeweza kuandika programu ichapishe majina ya sitini kwenye karatasi ya pembeni, mtu ayasome Jumatatu. Mistari mitano. Niliwaza hivyo. Nikawaza pia nani atayasoma, nikaona hakuna, nikaona watanipigia simu tena. Ilibidi sifuri niipeleke upande mmoja. Na unajua kwa nini niliipeleka kwa wanaokataliwa? Nakuambia ili unichukie kwa haki: kwa sababu anayekubaliwa hudai funguo, na anayekataliwa hapigi simu. Watu wa aina yetu, waliofika na sanduku moja, wakiandikiwa hapana huamini kwamba ni hapana. Mimi mwenyewe niliamini hapana nyingi. Nilijua watanyamaza. Kazi yote ilinichukua dakika nne, na ndiyo, nilikwenda kula chakula cha mchana.

Dolat hakujua. Kila Jumamosi, akimimina chai, aliniuliza: "Leo wangekuwa wangapi?" Nikamjibu, "Wanasomwa na mwingine." Aliuliza miaka mingi. Siku nyingine alisema, "Natumaini anawapigia simu." Nikasema anawapigia. Amefariki 2019 akijua kwamba kuna mwanamke fulani pale Halden mwenye kalamu ya kijani. Nilimtungia hata jina. Nilimwita Sakeena. Mke wangu alimwombea dua Sakeena ambaye hayupo.

Nilipokuambia ugeuze alama kwa siri, nilitaka uwe kama mimi, ili nisiwe peke yangu. Ulivyonikasirikia ilikuwa haki yako, lakini usidhani unanipita kwa hasira. Nimejiandikia barua kumi kali kuliko zako, zote nimezichana.

Tamko liko ndani ya bahasha hii. Kurasa mbili, sahihi, na wakili jirani yangu ameshuhudia. Nimeandika njia tatu, nimeandika Dolat, nimeandika tarehe 3 Oktoba, nimeandika kwa nini. Lile la chakula cha mchana sikuliweka, hilo ni lako.

Ya Ali Madad.

Ramzanali


Rexdale
14 Machi 2025

Mzee Ramzanali,

Kamati ilikaa Jumatano. Shamil alisoma tamko lako kwa sauti mpaka mwisho, na alipofika kwenye "anayekataliwa hapigi simu" alikunywa maji. Mjumbe mmoja akauliza kama wewe ni mzima wa akili. Nikamwambia, kuliko programu yake.

Wamekubali. Sitini kamili haikataliwi tena bila kusomwa, na ombi la mama likafunguliwa upya. Nilidhani nitafurahi. Kisha Shamil akasema: "Sasa nani atasoma? Staff wako full. Labda mwakani tukipata bajeti." Wakaanza kufunga mikoba. Hasira zikanipanda, mzee. Nilisema maneno ambayo nimeyatubu kwa padri, lakini si yote. Nikawaambia huu ndio mwaka 1986 umekaa tena kwenye hivi viti, na kwamba mashine itasimama Jumamosi hii na ijayo, na mara hii hakuna wa kuing'oa, maana anayejua kuing'oa ni mimi.

Wakaniambia, basi soma wewe. Siwezi. Faili la kwanza ni la mama yangu. Shamil akasema wataruhusu msomaji wa kujitolea, mradi yeye Shamil aweke sahihi ya pili kwenye kila uamuzi. Tunaanza Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili.

Niliomba wasomwe na wale wa zamani, tangu Oktoba 1986. Shamil akasema, "Kwa faida gani? Wengi wamehama, wengine wamekufa." Nikamwambia aandike kwenye kumbukumbu kwamba aliuliza hivyo. Akakubali wasomwe.

Nimeandika upya sehemu ile katika lugha mpya. Haina IF ya njia tatu, imenibidi niipange mwenyewe: kwanza uliza kama ni sawa, halafu ndipo uulize ndogo au kubwa. Ni mistari mitano, kama ulivyosema. Wa katikati nimeuweka wa kwanza.

Sijakusamehe. Mama amekusamehe, lakini yeye husamehe hata lifti.

Kusoma faili hakuhitaji masikio. Basi la Kipling linasimama mbele ya ofisi. Tunafungua saa tatu asubuhi.

Domina


Don Mills
23 Machi 2025

Binti yangu Domina,

Kwa kuwa ulitolewa nje ya chumba, kama ilivyopaswa, nakuandikia yaliyotokea.

Nilibadilisha mabasi matatu. Nilikuja na chupa ya chai ya Dolat, ile yenye kifuniko kilichovunjika. Kalamu ya kijani niliinunua njiani, ya kwake ilikauka zamani.

Skrini ilisimama saa tatu na robo. Jina: Godelive Ntirampeba. Nililikuta faili lake jembamba, na nikakasirika upya, maana miaka mitatu ya maombi ilikuwa imekaa kwenye karatasi sita. Niliyasoma yote mara mbili. Kwenye ukurasa wa nne, palipoulizwa kama kuna mtu wa kumsaidia nyumbani, mama yako alijibu kwamba anaye binti, lakini binti huyo ana kazi na asisumbuliwe. Hukuniambia hilo, pengine hulijui. Siwezi kumpigia simu mtu yeyote, kwa hiyo nilimwandikia Shamil kwenye karatasi ampigie hospitali aulize swali la Dolat. Aliuliza. Mama yako alijibu kwamba vitu vya dukani hupandisha mwenyewe, vichache vichache, akipumzika kila ghorofa ya tatu. Nikaandika: Apewe. Shamil akasaini. Nyumba ni namba tano, mlango wa kusini, hakuna ngazi hata moja. Anaingia tarehe ishirini na nane.

Shamil akaniletea koti langu. Akanionyesha saa. Nikamwonyesha skrini.

Jina la pili lilikuwa la Oktoba 1986, wiki ile ile. Eustache fulani, mfanyakazi wa kiwandani, mapafu, ghorofa ya kumi na moja. Ndani ya faili kuna barua ya kukataliwa niliyoitunga mimi, na nyuma yake amejibu kwa mkono, kwa penseli, kwamba amepokea na anashukuru. Chini yake karani ameandika kwamba amefariki Februari iliyofuata. Shamil akaniandikia kwenye karatasi kwamba huyo turuke.

Nimelisoma lote. Limenichukua saa nzima, na mwisho wake nimeandika kwa kijani: Apewe. Nikabonyeza, likaja la tatu.

Jumamosi nitakuja mapema zaidi.

Ramzanali